Pingili ya Sita

Wajumbe wa posa walikuwa ishirini na wawili, na vikombe vya kahawa vilikuwa ishirini na vitano, kwa sababu Shangazi Nuzha hakuwahi kuiamini idadi aliyopewa na mwanamume. Aliviosha mwenyewe, akavipanga mwenyewe, kisha akaja kusimama na Rudaina nyuma ya pazia linalotenga sebule ya wageni na chumba cha kati.

"Kaa mbali na pazia, we mtoto," alinong'ona. "Bibi harusi hachungulii."

"Sichungulii, Shangazi. Nasikiliza."

"Basi wewe sikiliza, mimi nichungulie. Mimi sina wa kuniposa."

Kwenye godoro lililotandikwa karibu na jiko la kuotea moto alilala mama yake Rudaina, Bi Sabriya, kwa ubavu wa kushoto, goti la kulia amelikunja kama mtu anayetaka kupanda ngazi. Ilikuwa siku ya sita tangu apasuliwe mgongo. Alicheka alipomsikia wifi yake, halafu kicheko kikamkata njiani, akauma shuka.

"Bado mguu?" aliuliza Rudaina.

"Mguu upo. Msikilize mchumba wako."

Rudaina alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alikuwa daktari wa picha katika hospitali moja ya binafsi ya Amman. Kazi yake ilikuwa kutazama picha za ndani ya mwili na kuandika alichokiona, si alichotamani kukiona. Qutaiba, aliyekuwa ng'ambo ya pazia na tai iliyomkaba, alikuwa mpasuaji wa uti wa mgongo wa hospitali hiyohiyo. Hakuwapasua watu kwa mkato wa shibiri nzima kama waliomtangulia. Alipitisha bomba jembamba kwenye tundu lisilozidi punje ya dengu, ndani ya bomba kuna kamera, na kwa kupitia humo aliondoa kipande cha diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, kilichoubana mshipa wa fahamu. Mgonjwa aliingia asubuhi, jioni akarudi kwake.

Miaka mitatu Qutaiba alikuwa akishuka kwenye chumba cha picha cha Rudaina, kile chenye giza, akiwa na swali moja la kazi, na kila mara alisahau kuondoka. Hakumwambia maneno matamu. Alimwambia, "Ripoti zako nazisoma mara mbili. Ya kwanza kwa ajili ya mgonjwa." Rudaina aliibeba sentensi ile mwezi mzima kama mtu aliyebeba yai.

Baba yake alikuwa amewakatalia mara mbili. Mzee Mufleh, mpima ardhi mstaafu, hakuwa na ugomvi na daktari. Ugomvi wake ulikuwa na bucha ya baba yake Qutaiba kule Zarqa. "Baba anapasua kondoo, mwana anapasua watu," alisema. "Kisu ni kilekile." Kisha masika yalipoanza diski ya Bi Sabriya ikapasuka, maumivu yakamshuka mguuni mpaka akawa anasali akiwa amelala. Qutaiba akasema ataifanya kazi ile kwa tundu la dengu. Jumamosi jioni Bi Sabriya alisimama kando ya kitanda cha hospitali bila kushikwa, na Mzee Mufleh, ambaye mkewe hakumwona akilia hata alipomzika mama yake, aligeukia ukuta. Alipogeuka tena alisema, "Mwambie yule mwana wa mchinjaji alete wazee wake Ijumaa."

Maumivu yalirudi Jumatatu. Wote walisema ni uvimbe, utapungua. Rudaina pia alisema hivyo.

Sasa mshenga, Abu Fawwaz, ami yake Qutaiba, alipokea kikombe cha kwanza, akakiweka mezani bila kukifikisha mdomoni. Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Kahawa ya posa hainywewi mpaka mwenye nyumba atamke, "Kunyweni, mmekipata mlichokijia."

"Mzee Mufleh," alianza Abu Fawwaz, sauti yake nene kama ya mtu anayeuza gari, "tumekuja nyumba ya heshima, na kahawa yenu, harufu yake tu inatosha kumrudisha mtu ujana. Lakini hatuinywi. Tuna ombi..."

"Ami, nisamehe. Usiombe bado."

Ilikuwa sauti ya Qutaiba.

Shangazi Nuzha alishika kifua. Katika posa bwana harusi ni kama zulia: yupo, amependeza, na hasemi. Rudaina alisahau onyo, akasogeza pazia kidole kimoja. Qutaiba alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono imenyooka ubavuni. Alikuwa ametazama uso mmoja tu, wa Mzee Mufleh.

"Kaa, kijana," alisema Abu Fawwaz huku ameuma meno. "Zamu yako ni usiku wa harusi."

Wachache walicheka. Qutaiba hakukaa.

"Ami Mufleh, Jumamosi nilimpasua mama mahali pasipo pake. Diski iliyopasuka bado ipo vilevile. Niliyoigusa ni ya juu yake, na haikuwa na shida ya kufanya mtu apasuliwe. Nimejua jana alasiri, picha mpya ilipotoka. Sikutaka muombwe binti huku hamjui."

Abu Fawwaz alikisogeza kikombe chake mbali na ukingo wa meza.

"Rudia," alisema Mzee Mufleh.

Qutaiba alirudia. Hakubadilisha neno.

"Rudia tena. Masikio yangu yana miaka sabini na moja."

Akarudia mara ya tatu, na safari hii Rudaina, aliyekuwa amesimama wima muda wote, alijikuta amekaa kwenye mkono wa kiti bila kujua amefikaje. Alikuwa ameyasikia maneno tangu mara ya kwanza. Mwili wake ndio uliochelewa.

"Mke wangu alisimama," alisema baba yake. "Nilimwona kwa macho yangu."

"Ni dawa ya ganzi na ya uvimbe tuliyompiga mgongoni, Ami. Inatuliza siku moja au mbili, hata kama kazi haikufanyika."

"Kwa hiyo nilifurahia sindano."

"Ndiyo."

"Ukanialika na ukoo mzima kuja kufurahia sindano!" Abu Fawwaz alilipiga paja lake mwenyewe. "Qutaiba, umenivua nguo mbele ya watu. Ungeniambia kwenye gari!"

"Ungegeuza gari, Ami."

"Ningegeuza, naam! Mtu mwenye akili hugeuza gari!"

Mzee Mufleh aliinua mkono, sebule ikanyamaza. "Nani alikuonyesha mahali pa kutoboa?"

"Nilipatafuta mwenyewe kwa eksirei, mgonjwa akiwa mezani."

"Na karatasi? Hakukuwa na karatasi inayosema diski ni ya ngapi?"

Vidole vya Rudaina vilibana pazia.

"Kosa ni langu, Ami."

"Sijakuuliza kosa ni la nani. Nimekuuliza karatasi."

"Karatasi haina neno la uongo ndani yake."

Wanaume wote waliisikia sentensi ile kama kukiri. Rudaina aliisikia kwa namna nyingine. Alimjua mtu huyu. Alijua alivyopima maneno. Hakusema karatasi ilikuwa kamili. Hakusema ilikuwa nzuri. Alisema haina neno la uongo. Basi ni neno gani lililokosekana?

Aliachia pazia, akapita kando ya godoro la mama yake, akachukua kompyuta yake mezani kando ya sahani za kunafa, vitamu vya jibini na shira, zilizofunikwa, na kufungua picha za hospitali. Alikuta jina la mama yake na picha mbili: ya wiki tatu zilizopita, ambayo aliisoma yeye, na ya jana, iliyoagizwa na Qutaiba, ambayo alikuwa hajaiona. Ile ya kwanza ilionyesha kiuno tu. Ya jana ilionyesha uti wote, kutoka shingoni mpaka kwenye kitako. Mpasuaji haagizi picha ya shingo kwa maumivu ya mguu. Huiagiza mtu anayetaka kuhesabu kuanzia juu.

Akahesabu. Pingili saba za shingo. Kumi na mbili za kifua, zenye mbavu. Kisha za kiuno: moja, mbili, tatu, nne, tano.

Sita.

Akarudi juu, akahesabu upya kwa ncha ya kalamu. Sita. Watu wengi wana pingili tano za kiuno, na chini yake mfupa mkubwa unaoshikana na nyonga. Wachache, labda mmoja kati ya kumi, wana pingili ya ziada mpakani, nusu imeachana na mfupa mkubwa, nusu imeshikana nao. Katika picha yake Rudaina aliiona, akajua ni ya mpakani, lakini kwa kuwa ilionekana imeachana akaiita ya tano, akaanzia hapo kupanda. Kwenye eksirei ya mezani ilionekana imeshikana, na Qutaiba alianzia juu yake. Kila mmoja alihesabu sawasawa. Walitofautiana mahali pa kuanzia tu, na tofauti hiyo ilikuwa diski nzima.

Kwa wagonjwa wa aina hiyo Rudaina alikuwa na mstari mmoja anaouandika mwishoni mwa kila ripoti: *Mgonjwa ana pingili ya mpakani, mpasuaji alinganishe kabla ya kutoboa.* Aliuandika mara mia. Alifungua ripoti ya mama yake, akaisoma mpaka chini, akaisoma tena. Mstari haukuwamo. Alikumbuka alivyoiandika: amesimama, koti halijavuliwa, mama yake analia mlango wa pili na yeye anataka tu jambo moja, kwamba ripoti iwe imeshaandikwa.

"Umeona?" aliuliza Bi Sabriya kutoka godoroni.

Rudaina aligeuka. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Alikuja jana ulipokuwa kazini. Alikaa hapo chini sakafuni, akaniambia mgongo wangu ameukosea. Nilimtukana kidogo. Halafu nikamwambia asighairi. Aje na wazee wake, aseme kabla kahawa haijanywewa. Kahawa ikishanywewa, neno la baba yako halirudi, na huo ungekuwa wizi."

"Alikuambia alikosea vipi?"

"Alisema hakulinganisha. Sijui hakulinganisha nini. Kwani kuna zaidi?"

Kulikuwa na zaidi, na wenye kujua walikuwa wawili tu duniani. Rudaina alilipima jambo kama alivyopima kila jambo. Akinyamaza, jina lake litabaki safi, baba yake ataendelea kumwita jicho la nyumba, na Qutaiba ataondoka akiwa mwana wa mchinjaji aliyempasua mama mkwe wake ovyo. Akisema, huenda atawapoteza wote wawili kwa mara moja, na kazi yake juu yake. Hesabu haikuwa ngumu. Kilichomshtua ni kwamba kwa sekunde kadhaa, tano au sita, alitaka kunyamaza. Hakuwahi kujiona hivyo.

Sebuleni baba yake alikuwa amesimama. "Wazee wangu, mnaheshimiwa nyinyi na mlikotoka. Lakini kahawa imepoa. Nuzha! Njoo uviondoe vikombe."

Shangazi Nuzha aligeuza macho mpaka yakabaki meupe. Kuondolewa kikombe kilichojaa ni jambo ambalo watu husimuliana mpaka wajukuu. Wanaume walianza kuinuka mmojammoja, wakitafuta viatu bila kutazamana.

Rudaina alisukuma pazia, akaingia.

"We mtoto!" Shangazi alimkosa mkono kwa upana wa kucha.

Alisimama katikati ya wanaume ishirini na wawili na baba yake, nguo ya posa ya kijani mwilini, kompyuta mkononi. Qutaiba alipomwona alitikisa kichwa, kidogo sana. *Usiseme.* Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hajalala. Rudaina alitamani kuyatazama zaidi, na kwa sababu alitamani, aliacha.

"Baba, karatasi niliandika mimi."

"Najua uliandika wewe. Mwenzako amesema haina uongo."

"Haina uongo. Ina upungufu. Mama ana pingili ya ziada kiunoni. Niliiona, nikaihesabu, sikuandika kwamba ipo. Kila mgonjwa wa namna hiyo namwandikia onyo. Mama sikumwandikia."

"Rudaina," alisema Qutaiba, "mwenye kisu ndiye mwenye kuhesabu. Hata karatasi ingeandikwa na malaika, mimi ndiye ninayepaswa kuweka picha pembeni ya eksirei na kulinganisha umbo kwa umbo. Sikulinganisha."

"Ungelinganisha kama ningekuonya."

"Nalinganisha kila siku bila kuonywa!"

"Kwa hiyo leo umekuja kulibeba langu pamoja na lako?"

"Nimekuja kubeba langu."

"Sentensi yako niliisikia. 'Haina neno la uongo.' Umeichonga siku nzima. Usinifiche nyuma ya maneno mazuri, Qutaiba. Kosa langu si mahari yako."

Sauti yake ilipanda mwishoni, naye akashangaa kuisikia. Katika nyumba ile hakuwahi kumpigia mtu kelele.

"Kwa jina la Mola," alisema Abu Fawwaz, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, "nimeongoza posa thelathini na nne. Nimeona wakigombania dhahabu, nimeona wakigombania idadi ya wageni. Sijaona bwana na bibi wakigombania hatia kama mapaka na utumbo."

"Abu Fawwaz, kaa," alisema Mzee Mufleh.

"Nikae au niondoke? Nina kiatu kimoja."

"Kaa na hichohicho." Mzee alimpokonya binti yake kompyuta, akavaa miwani. "Nionyeshe."

Rudaina alimwonyesha. Alianzia shingoni, akashuka, akasimama kwenye pingili iliyo nusu huku nusu kule. Alieleza wapi alianzia yeye na wapi alianzia Qutaiba. Baba yake hakumkatiza. Kwa miaka arobaini alikuwa amepima viwanja vya watu waliokuwa tayari kuuana kwa ajili ya hatua mbili za mawe.

"Mmetumia vigingi viwili," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Baba."

"Mpimaji mmoja anaanzia kigingi cha barabarani, mwingine cha kisimani. Kila mmoja ana kamba sahihi. Na ukuta unajengwa kwenye shamba la mtu mwingine." Alivua miwani. Uso wake haukulainika, ulizidi kukauka. "Na ninyi ndio watu wenye elimu kuliko wote niliowahi kuwalisha. Daktari, umesema unalinganisha kila siku. Kwa nini si siku hiyo?"

Qutaiba alimtazama Rudaina, na mara ile hakuweza kumtazama tena Mzee Mufleh.

"Sina jibu ninaloweza kulisema hapa."

"Hapa au popote?"

"Hapa, Ami."

"Basi mimi nina langu," ilisema sauti ya kike mlangoni.

Bi Sabriya alikuwa amesimama chini ya pazia, mkono mmoja kwenye bega la Shangazi Nuzha, mwingine kwenye fremu ya mlango. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu. Wanaume walishusha macho. Wawili wakasimama kwa heshima, wengine wakafuata.

"Sabriya, rudi ulale!" Mzee Mufleh alimkimbilia.

"Nimelala wiki tatu. Mnaugawana mgongo wangu humu kama shamba la mirathi, na mimi mwenyewe niko hai." Alivuta pumzi. "Qutaiba. Ungeanza upya, ungefanya nini kwanza?"

"Ningehesabu kuanzia shingoni, Mama. Kisha ningempa mtu wa pili ahesabu bila kuona hesabu yangu. Tukitofautiana, kisu hakishikwi."

"Jibu zuri. Nimekusamehe, Mungu ni shahidi. Na hutanigusa tena."

Rangi ilimtoka Qutaiba usoni. Aliinamisha kichwa. "Ni haki yako, Mama."

"Wala wewe," Bi Sabriya alimgeukia binti yake. "Picha zangu usizisome tena. Nataka yule daktari mwanamke wa Irbid, mwenye mdomo mchafu. Hanipendi wala hanijui. Atahesabu."

Rudaina alikuwa amejiandaa kwa hasira ya baba. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Alisikia maneno ya mama yake yakiingia moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa la kweli.

"Sawa, Mama," alisema.

"Na posa?" Abu Fawwaz aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza bei ya kitu alichokivunja.

"Hilo si la mgongo," alisema Mzee Mufleh. "Hilo ni langu."

"Lako?" Bi Sabriya alitabasamu kwa maumivu. "Binti nilimbebea wapi, Mufleh? Si mgongo huuhuu? Mpe. Kijana amesema ukweli mahali ambapo ulimgharimu, na binti yako naye kasema. Watu wa namna hiyo tuwaachie nani? Binti mpe. Mgongo ndio hapewi."

Mtu mmoja kule nyuma alicheka, akakizima kicheko kwa kiganja. Mzee Mufleh alimshika mkewe kiunoni, juu ya mahali pa kidonda, taratibu kama mtu anayeshika kitu kilichotoka motoni. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko adabu za sebule ya wageni zinavyoruhusu.

"Sijasema ndiyo," alisema, bila kumtazama yeyote. "Sijasema hapana. Nimeshaamuru vikombe viondolewe, na neno hilo halirudi siku hiyohiyo. Siku Sabriya atakaposhuka ngazi za nyumba hii kwa miguu yake, nitampigia simu Abu Fawwaz mimi mwenyewe. Akibaki godoroni, msinipigie."

"Hiyo ni nusu ya ndiyo," alisema Abu Fawwaz akivaa kiatu cha pili. "Zarqa tumeshaolea nusu."

Wajumbe walitoka kwa mstari, wakapita kwenye sahani za kunafa ambazo hakuna aliyezifunua. Nje jua la saa kumi lilikuwa bado linapiga kwenye mawe meupe ya ngazi ndefu zinazoteremka hadi barabarani. Qutaiba alitoka wa mwisho. Alikuwa ameshuka ngazi nne Rudaina alipomwita.

"Dakika mbili!" Shangazi Nuzha alisema mlangoni, mikono kiunoni. "Na mimi nahesabu, maana humu ndani hakuna anayejua."

Walisimama, yeye ngazi ya juu, Qutaiba ya chini, nyuso zao zikawa sawa. Miaka mitatu hawakuwahi kusimama karibu hivyo kwenye mwanga. Rudaina aliona mvi mbili juu ya sikio lake ambazo gizani hazikuonekana.

"Umeshaandika barua kwa hospitali?"

"Nimeituma jana usiku."

"Kwa jina lako peke yako."

"Ndiyo."

"Yangu itaifuata Jumapili asubuhi, ofisi zikifunguliwa. Wazisome pamoja."

"Watakusimamisha kazi, Rudaina. Mwezi, labda zaidi."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Gari la Abu Fawwaz lilipigwa honi moja fupi kule chini, ya aibu. Hakuna aliyegeuka.

"Baba alikuuliza swali," alisema Rudaina. "Hukulijibu."

"Nilisema siwezi kulijibu pale."

"Hapa hakuna wazee. Unalinganisha kila mgonjwa. Kwa nini si mama?"

Alitazama pembeni, akarudisha macho. Alijibu kwa sauti yake ya kusomea matokeo ya vipimo, isipokuwa ilikuwa imechakaa.

"Nilikuwa na picha mbele yangu. Nikaona sahihi yako chini ya karatasi. Nikasema, huyu ni Rudaina, na huyu ni mama yake. Kama kuna mtu duniani ambaye hawezi kukosea hapa, ni yeye. Nikaizima skrini. Sijawahi kufanya hivyo kwa mtu yeyote. Sikuhesabu kwa sababu ulikuwa umehesabu wewe."

Rudaina alishika ukuta wa mawe. Kwa miaka mitatu alikuwa akisubiri mtu huyu aseme jambo kama hilo. Sasa amelisema, na lilikuwa limemlaza mama yake godoroni. Hakujua mtu anaweza kupewa kitu kikubwa namna hiyo na kukiogopa.

"Dakika moja!" ilipiga sauti ya Shangazi.

"Usiniamini hivyo tena," alisema Rudaina.

"Sijui kupenda kwa namna nyingine."

"Jifunze."

"Unataka nikupende nikiwa na shaka?"

Machozi yalikuwa yameshafika, naye hakuyafuta, kwa kuwa kuyafuta kungemfanya aache kumtazama.

"Nipende," alisema. "Halafu uhesabu mwenyewe."